Mkanda wa Jeshi: Dawa ya Hospitali, Dawa ya Nyumbani, na Siku Tatu za Mwanzo



Maradhi niliyoombwa kuyazungumza jioni hii ni maradhi ambayo kila mmoja wetu amepata kuyaona au kuyasikia, ingawa aghalabu kwa mnong'ono: mkanda wa jeshi, yaani ule upele wa malengelenge umtokeao mtu upande mmoja wa kifua, au wa kiuno, au wa uso, ukajipanga kutoka mgongoni kuja mbele, na kumpa maumivu ambayo aliyepata kuyaonja hahitaji kuhadithiwa. Nimekubali kuyaleta mbele ya hadhara hii kwa sababu haya ni miongoni mwa maradhi machache ambayo tiba yake hutegemea saa kuliko inavyotegemea fedha. Na kwa bahati mbaya ni miongoni mwa yale ambayo watu wetu huyachelewesha mno, wengine kwa kuzunguka na dawa za nyumbani hata wakati ukapita, na wengine, nao ndio wanaonihuzunisha zaidi, kwa kuona aibu.

Kabla ya kusema lolote juu ya dawa, yatupasa tujue maradhi yenyewe yanatoka wapi. Wako wasemao kuwa mgonjwa amekojolewa na buibui usiku alipokuwa amelala. Wako wasemao amerogwa, na wengine kuwa amekanyaga kitu kilichotegwa njiani. Hakuna katika hayo lililo la kweli. Mkanda wa jeshi huletwa na virusi vile vile viletavyo tetekuwanga. Mtoto augulapo tetekuwanga, akajaa malengelenge mwili mzima, akawashwa, kisha akapona na kurudi kucheza na wenziwe, wazazi wake hudhani kuwa maradhi yamekwisha. Walakini virusi havikutoka. Vimepanda kwa njia ya mishipa ya fahamu, ile ipelekayo habari za maumivu na za joto na baridi kutoka kwenye ngozi, hata vikafika kwenye mafundo ya mishipa hiyo yaliyo kando ya uti wa mgongo na chini ya ubongo, na huko vikajilaza, miaka ishirini, miaka arobaini, pengine miaka sitini, kama kaa la moto lililofukiwa majivuni. Kinachovizuia visiamke ni kinga ya mwili. Na kinga hiyo ikipungua, ama kwa uzee, ama kwa virusi vya UKIMWI, ama kwa saratani na dawa zake, ama kwa kumeza kwa muda mrefu vidonge vya jamii ya steroidi kama predinisoloni, virusi huamka, huzaana, na kuteremka tena kwenye ngozi kwa njia ya mshipa mmoja.

Ndiyo maana maumivu hutangulia upele. Siku mbili tatu, wakati mwingine zaidi, kabla ya kuonekana kipele hata kimoja, mtu huhisi sehemu moja ya mwili wake inawaka, au inachoma, au haitaki kuguswa hata na nguo, akadhani ni kichomi, au ni vidonda vya tumbo, au ni moyo, na ikiwa ni taya akadhani ni jino. Na ndiyo maana upele hukaa upande mmoja, kwa kuwa kila mshipa wa fahamu utokao kwenye uti wa mgongo una himaya yake ya ngozi, ya kulia au ya kushoto, wala hauvuki mpaka wa katikati. Mwaka 1900 matabibu wawili, Henry Head wa Uingereza na Alfred Walter Campbell, mzaliwa wa Australia, kwa kuwachunguza wagonjwa wengi wa mkanda na maiti kadhaa za watu waliopata kuuugua, walionyesha dhahiri kuwa madhara yako katika yale mafundo ya mishipa, na wakachora ramani ya himaya hizo juu ya mwili wa mwanadamu, ramani ambayo wanafunzi wa udaktari wanaisoma mpaka leo.

Hapa niiguse imani moja ambayo imewanyima watu wengi usingizi: kwamba mkanda ukizunguka kiwiliwili hata ncha zake mbili zikakutana, mgonjwa hufa. Imani hiyo ni kongwe kupita kiasi, na Pliny wa Roma ya kale aliiandika katika karne ya kwanza. Wala si kweli. Kukutana kwa ncha hizo ni jambo la nadra mno kwa sababu niliyoieleza ya mishipa, na hata likitokea halimaanishi kifo. Linalomaanishwa na upele uliotapakaa kupita mshipa mmoja, au uliorukia sehemu za mbali za mwili, ni kuwa kinga ya mgonjwa imedhoofika sana, na kwamba yampasa afike hospitali siku ile ile.

Sasa yuko mtu mmoja ambaye ningependa mlijue jina lake, kwa kuwa kazi yake inatufundisha sisi wa zahanati za vijijini kuliko kazi za maabara kubwa. Naye ni Edgar Hope-Simpson, daktari wa kawaida aliyetibu watu wa mji mdogo wa Cirencester nchini Uingereza, asiye na chuo kikuu nyuma yake, mwenye daftari na subira tu. Kwa muda wa miaka 16 aliandika kila mgonjwa wa mkanda aliyefika mlangoni pake kati ya wakazi wapatao 3,500 aliowahudumia, na hesabu yao ikafika 192. Aliwaangalia umri wao, aliangalia ni nani nyumbani mwao aliyeugua tetekuwanga, akaenda hata kisiwani Yell, katika visiwa vya Shetland kaskazini ya Uskoti, mahali ambapo watu ni wachache na ni rahisi kufuatia nani ameambukizwa na nani. Katika mhadhara wake uliochapishwa mwaka 1965 alitoa rai kuwa mkanda hauambukizwi kutoka kwa mgonjwa mwingine wa mkanda, bali ni virusi vya utotoni vilivyolala na kuamka, na kwamba huongezeka kadiri umri unavyokwenda kwa kuwa kinga dhidi yake inakwenda ikipungua. Tayari katika miaka ya 1950 Thomas Weller huko Marekani alikuwa amevikuza virusi vya tetekuwanga na vya mkanda katika maabara na kuonyesha kuwa ni vya aina moja. Lakini maelezo ya namna vinavyoishi ndani yetu miaka yote hiyo yalitoka kwa daktari yule wa mji mdogo, aliyeandika alichokiona na asichoke kuandika.

Katika maelezo hayo mna faida kubwa kwa nyumba zetu. Mwenye mkanda hawezi kukuambukiza mkanda. Anachoweza, kwa majimaji ya malengelenge yake kabla hayajakauka, ni kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajapata kuiugua wala kuchanjwa dhidi yake. Na hilo ni jambo zito kwa mjamzito, kwa mtoto mchanga, na kwa mtu mwenye kinga dhaifu. Basi upele ufunikwe kwa kitambaa safi, mikono ioshwe, taulo na shuka zisishirikiwe, na hao watatu niliowataja wakae mbali mpaka vigaga viwe vimekauka, muda ambao kwa kawaida ni siku saba hadi kumi. Kumtenga mgonjwa chumba cha uani, kumkatalia sahani na salamu, hakuna sababu yoyote ya kitabibu.

Tufike kwenye dawa. Wazee mlio hapa mnakumbuka zama ambazo mwenye mkanda alipakwa dawa ya zambarau, akapewa kitu cha kutuliza maumivu, akaambiwa asubiri. Haikuwa ajizi ya matabibu, kwani hapakuwa na dawa ya virusi iliyoweza kuua kirusi bila ya kumuumiza mgonjwa. Aliyelifungua fundo hilo pamoja na wenzake ni Gertrude Elion, mwanamke aliyezaliwa New York mwaka 1918, ambaye katika ujana wake alikataliwa kazi za maabara kwa kuwa ni mwanamke, na hakuwahi kumaliza shahada ya udaktari wa falsafa, bali katika miaka ya 1970, katika maabara za kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome, alisimamia kazi iliyoleta asiklovia. Na mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na George Hitchings na James Black. Uzuri wa dawa hii uko katika namna inavyofanya kazi. Inaingia mwilini ikiwa haina makali, na kinachoifanya iwe kali ni kimeng'enya ambacho kirusi mwenyewe hukitengeneza ndani ya seli alizoziteka. Kwa hiyo seli nzima za mgonjwa haziiamshi sana dawa, ilhali zile zilizotekwa huiamsha, nayo ikazuia virusi visizaane.

Zingatieni neno hilo, kuzaana. Dawa hii haiwaui virusi waliokwisha kuzaliana na kuuharibu mshipa, wala haimwondoi kirusi aliyelala katika fundo. Inazuia kuongezeka kwao tu. Na kwa kuwa virusi vya mkanda huzaana kwa wingi katika siku za mwanzo za upele, dawa hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu kipele cha kwanza kuonekana, yaani siku tatu. Mtu mzima hupewa asiklovia miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku saba hadi kumi, au dada zake wawili wasiohitaji kumezwa mara nyingi hivyo: valasiklovia gramu moja mara tatu kwa siku kwa siku saba, au famsiklovia miligramu 500 mara tatu kwa siku kwa muda huo huo. Anayeimeza na anywe maji mengi, na mwenye maradhi ya figo amwambie tabibu mapema, maana kwake kipimo hupunguzwa. Zikipita siku tatu haina maana kuwa mlango umefungwa kwa kila mtu: yule ambaye malengelenge mapya bado yanamtoka, yule aliyepatwa usoni, na yule mwenye kinga dhaifu, hao hupewa dawa hata wakichelewa. Lakini faida iliyo kubwa ni ya aliyewahi.

Hapa pana kosa moja linalotendeka kila siku katika maduka ya dawa, nami nalisema kwa uchungu kwa kuwa anayelitenda hudhani ametibiwa. Mgonjwa hufika dukani, akauziwa krimu ya asiklovia, akarudi nyumbani akiipaka asubuhi na jioni kwa matumaini. Krimu hiyo haitibu mkanda wa jeshi, kwa sababu vita vya virusi viko ndani ya mshipa, mahali ambapo mafuta ya kupaka hayafiki. Dawa inayohitajiwa ni ya kumezwa, na kwa wagonjwa mahututi ni ya kuchomwa mshipani. Kadhalika wale wanaozifungua kapsuli za rangi mbili na kunyunyiza unga wake juu ya malengelenge wajue kuwa zile ni dawa za bakteria, wala hazina amri yoyote juu ya virusi. Tabibu huzitoa kwa kumeza pale tu vidonda vinapoingia usaha. Na zile krimu za betamethasoni na wenzake, ambazo dada zetu wengine huzitumia kujichubua, huidhoofisha kinga ya ngozi, na kuzipaka juu ya mkanda ni kumsaidia adui.

Juu ya maumivu. Yasidharauliwe, wala mgonjwa asiambiwe avumilie kwa kuwa ni mwanamume au kwa kuwa ni mtu mzima. Huanzwa kwa parasetamoli au ibuprofeni, na yakizidi tabibu huongeza dawa kali zaidi. Lakini yako maumivu ya namna ya pili, nayo ndiyo hofu yetu kubwa: yale yanayobakia baada ya ngozi kupona, zaidi ya siku 90, kwa kuwa mshipa umejeruhiwa na unaendelea kupeleka ubongoni habari za moto usiokuwapo. Huwapata zaidi waliopita umri wa miaka 60, na mzee aliyepatwa nayo anaweza asivae shati, asilale upande mmoja, asitake hata upepo wa dirishani umguse, kwa miezi au kwa miaka. Parasetamoli haimsaidii sana mtu huyu. Zinazomsaidia ni dawa zinazoutuliza mshipa wenyewe, kama amitriptilini kwa kipimo kidogo wakati wa kulala, au gabapentini. Na kwa kuwa ile amitriptilini hujulikana kuwa ni dawa ya huzuni, wako wagonjwa wanaoikataa wakisema tabibu amewaona wendawazimu. Waelezwe kwa upole. Dawa moja inaweza kuwa na kazi mbili, na kipimo kinachotuliza mshipa ni kidogo kuliko kile cha kutibu huzuni.

Sasa nije kwenye dawa za nyumbani, nami sitaki kuzipitia kwa dharau, kwa kuwa nyumba ndiyo hospitali ya kwanza ya kila mtu, na mgonjwa wa mkanda hata akipata vidonge vyake siku ya kwanza bado ana majuma mawili hadi manne ya kukaa na vidonda hivyo kitandani mwake. Zipo zinazofaa kweli. Kitambaa safi cha pamba kilicholowekwa katika maji baridi, kikakamuliwa, kikawekwa juu ya malengelenge kwa dakika chache, mara kadhaa kwa siku, hutuliza mwako na mwasho kuliko vitu vingi vya bei kubwa. Kisha kifuliwe kwa maji ya moto, kikauke, wala mtu mwingine asikitumie. Kuosha mahali pale kwa maji na sabuni isiyo kali, kwa mkono mwepesi, huzuia usaha. Losheni ya kalamini hupunguza mwasho. Nguo iwe pana, ya pamba, na hapo kanga na kikoi vya zamani vilivyolainika kwa kufuliwa vinalishinda shati la nailoni mbali sana. Kucha zikatwe. Malengelenge yasitoboliwe. Mgonjwa ale, alale, apunguziwe kazi, na asiachwe peke yake na maumivu yake usiku, maana maumivu haya hupamba moto kimya cha usiku kinapoingia.

Halafu iko jamii ya pili, ya vitu visivyodhuru sana vikitumiwa kwa usafi, lakini visivyotibu. Utomvu wa shubiri mwitu hupoza ngozi. Asali safi huzuia bakteria katika kidonda, na wauguzi huitumia hata hospitali, ingawa kwao ni asali iliyosafishwa kwa kazi hiyo na si ile iliyotoka mzingani na masega yake. Maji yaliyochemshwa majani ya mwarobaini, yakapoa kabisa, wengi huogea na kusema wamepata nafuu. Mafuta ya nazi hulainisha vigaga vilivyokauka vinapoanza kuvuta ngozi, ila yasipakwe juu ya malengelenge mabichi. Hakuna katika hivi kilichothibitishwa kuua virusi vya mkanda ndani ya mshipa. Na kwa kuwa mkanda wenyewe hukauka na kupona baada ya majuma kadhaa, uwe umetibiwa au haukutibiwa, kila kilichopakwa juma la tatu hupewa sifa ya kuponya. Anayependa shubiri na aipake, madhali vidonge vya asiklovia vimekwisha kumezwa. Hali kadhalika kombe, na dua ya sheikh, na sala ya padri: mimi si mtu wa kuyakemea hayo, kwa kuwa mgonjwa anayeteseka anahitaji utulivu wa moyo, na hakuna dini ninayoijua inayomkataza kuyachanganya na dawa. Ninaloomba ni kuwa dua isomwe siku ile ile ya kwenda zahanati, isiwe sababu ya kuahirisha.

Jamii ya tatu ndiyo ninayoikataza waziwazi. Mafuta ya taa, maji ya betri, dawa ya meno na siki huchoma ngozi iliyokwisha kuungua. Majivu, udongo na kinyesi cha ng'ombe huweza kuingiza pepopunda. Kuchanja chale juu ya upele kwa wembe ni kufungua milango mipya ya usaha, na wembe uliotumiwa kwa wawili huweza kuleta maradhi mengine makubwa kuliko haya. Kuukanda mkanda kwa maji ya moto huongeza uvimbe na maumivu. Na pilipili, ambayo wengine huisaga na kuipaka kwa kuwa wamesikia inatibu, ina jambo la ajabu kidogo ndani yake: ni kweli kuwa kiini chake kinachowasha hutengenezwa viwandani kuwa krimu na plasta za kuwapaka wenye yale maumivu ya baadaye, kwa kuwa kikipakwa kwa kipimo huichosha mishipa isiweze kupeleka habari za maumivu. Lakini hupakwa juu ya ngozi iliyokwisha kupona, kwa kipimo na maelekezo. Kuipaka pilipili ya jikoni juu ya lengelenge bichi ni mateso matupu.

Nimesema hapo mwanzo kuwa wako wanaochelewa kwa aibu, nami sasa nataka niliseme jambo hili bila ya kuzungukazunguka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, mkoani Kagera, na katika miaka iliyofuata matabibu wa Afrika Mashariki na Kati walianza kuona jambo ambalo halikuwa la kawaida: vijana wa umri wa miaka ishirini na thelathini, ambao kwa desturi mkanda hauwahusu, wakifika nao kwa wingi, na wengi wao wakipimwa hukutwa na virusi vya UKIMWI. Shirika la Afya Duniani linauhesabu mkanda wa jeshi katika dalili za daraja la pili kati ya madaraja manne ya maambukizo hayo. Habari ikashuka kutoka hospitalini hadi mitaani, na mitaani ikageuka kuwa hukumu. Tangu hapo mtu akionekana na mkanda, jirani hakuhitaji kipimo, alikwisha kumzika kwa maneno. Basi mwanamke huufunika kwa kanga, mwanamume huvaa shati la mikono mirefu katika joto la Machi, mmoja hununua dawa za mganga usiku, mwingine husafiri mpaka wilaya ya pili ambako hajulikani. Na katika kujificha huko, siku tatu ambazo dawa ingemwokoa mshipa wake zinapita.

Nawaambieni haya mawili pamoja, wala moja halimtangui mwenzake. Si kila mwenye mkanda ana virusi vya UKIMWI: mzee wa miaka 70 aliyezaa, akalea, akaona wajukuu, huupata kwa umri wake tu, na Marekani inakadiriwa kuwa karibu mtu mmoja katika kila watatu hupatwa na mkanda katika maisha yake. Na la pili, kijana akiupata na apime, tena apime upesi, kwa kuwa mkanda mara nyingi hutangulia maradhi makubwa zaidi, na aliyegunduliwa wakati ule bado ana nguvu za kutosha kuanza dawa za kufubaza virusi, ambazo hutolewa bila malipo, na kuishi umri wake. Kwa mtu huyo mkanda umekuwa onyo lililokuja mapema. Niongeze kwa wale walioanza dawa hizo karibuni: mkanda unaweza kuwatokea katika miezi ya mwanzo ya matibabu, wakati kinga inapoanza kuinuka, na hiyo si alama kuwa dawa imeshindwa, na kuiacha dawa kwa sababu hiyo ni kosa kubwa.

Pako mahali pa mwili ambapo mkanda hauruhusu kusubiri hata usiku mmoja. Ukitokea kwenye paji la uso au kope, na hasa malengelenge yakionekana kwenye ncha ya pua, dalili aliyoieleza daktari Jonathan Hutchinson katika karne ya 19, ujue jicho liko hatarini, kwa kuwa mshipa mmoja huhudumia pua na jicho. Mgonjwa asiyewahi anaweza kupoteza nuru yake. Ukitokea sikioni, na uso ukapinda upande mmoja au kizunguzungu kikamshika, hiyo nayo ni dharura. Vivyo hivyo mjamzito, na yeyote mwenye homa kali, shingo iliyokakamaa au akili iliyopotea.

Chanjo ipo. Ya kwanza, Zostavax, ilitoka mwaka 2006, nayo ilikuwa ya virusi hai vilivyodhoofishwa, isiyofaa kwa wenye kinga dhaifu. Iliyofuata, Shingrix, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017, si ya virusi hai, huchomwa mara mbili kwa kupishana miezi miwili hadi sita, na katika majaribio iliwakinga zaidi ya watu tisa katika kila kumi waliotimiza miaka 50 na kuendelea. Bei yake ni kubwa, na kwa wengi wetu bado ni habari ya kusikia. Wenye wazee wanaoishi Oman au Ulaya na wawaulize matabibu wa huko.

Kwa hiyo, kwetu sisi, kinga iliyo karibu ni kuujua mkanda unapoanza. Wahudumu wa kuutambua tunao: tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC mjini Moshi kimekuwa kikifundisha waganga wa ngozi kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika, na hata zahanati ndogo isiyo na mtaalamu wa ngozi inaweza kuutambua mkanda kwa macho bila ya kipimo cha damu. Kinachokosekana ni mgonjwa kufika.

Ombi langu, basi, ni kwa watu watatu. Kwa muuza duka la dawa: usimuuzie krimu mwenye malengelenge ya upande mmoja ukamwacha aende, muulize upele ulianza lini, na ikiwa hazijapita siku tatu mwelekeze zahanati leo hii, na ikiwa zimepita mwelekeze vilevile. Kwa mganga wa jadi, ambaye najua mara nyingi ndiye anayeaminiwa kwanza: mpokee mgonjwa wako, mpoze, lakini mtume hospitali kabla hujachuma majani. Na kwako wewe mwenye jamaa aliyeanza kulala na nguo nyingi, anayeshika ubavu wake na hataki kusema kwa nini: mwombe akuonyeshe, usimuulize alikuwa na nani, ukaandamane naye asubuhi.